Mikono Inapotetemeka Asubuhi: Kuacha Pombe Ukiwa Golbanti

Asubuhi, kabla hujatia chochote mdomoni, nyosha mikono yote miwili mbele yako na utanue vidole. Vikicheza, umeona. Visipocheza, mwombe mtu agusanishe ncha za vidole vyake na vyako, kwa maana upo mtetemeko ambao jicho haliuoni ila ngozi inausikia. Wauguzi humpima hivyo hivyo mgonjwa anayeacha pombe: ule wa kuhisiwa kwenye ncha za vidole tu hupewa alama ya chini, na ule unaoonekana hata mikono ikiwa imelala mapajani hupewa alama ya juu kabisa.

Kisha jiulize: ukishakunywa gilasi ya kwanza ya mnazi, mikono inatulia? Wanywaji hukuita huko kutoa loki. Mtu hawezi kushika kikombe cha chai kwa mkono mmoja, hawezi kubonyeza namba ya siri ya M-Pesa bila kukosea, anapita kwa mgema, na baada ya nusu saa anaweza kutunga uzi kwenye sindano. Yeye huona kwamba pombe imemtibu. Kumbe kilichotulizwa ni ugonjwa ulioletwa na pombe hiyo hiyo, na kesho alfajiri utarudi kudai kilicho chake.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Golbanti, Ngao, Tarasaa au kijiji chochote cha delta ya Tana anayekunywa kila siku na anataka kuacha, pamoja na mke, mama au ndugu anayeishi naye. Neno langu kubwa litawakera waliozoea kusema "acha pombe leo hii". Kama mikono yako hutetemeka ukikosa pombe, usiache ghafla leo. Acha, lakini kwa mpango, na si peke yako.

Mwili unafanya nini

Pombe hupoza ubongo. Ukiunywesha kila siku kwa miezi au miaka, ubongo unajifunza kujihimiza zaidi ili ubaki macho, kama mpiga kafi anayepanda mto: kadiri mkondo unavyomsukuma nyuma ndivyo anavyokaza mikono. Siku mkondo ukikatika ghafla, yeye bado anakaza, na mtumbwi unafyatuka. Ndiyo sababu moyo unaenda mbio, jasho linatoka ukiwa umekaa kivulini, usingizi unakimbia na vidole vinacheza. Woga hauhusiki hapo, wala tabia mbaya.

Kwa miaka mingi hata madaktari walibishana. Wengine walisema mlevi hutetemeka na kuweweseka kwa sababu hali chakula. Mwaka 1955 daktari Harris Isbell na wenzake huko Lexington, Marekani, walichapisha jaribio ambalo leo hakuna kamati ya maadili ingeliruhusu. Waliwapa wanaume kumi pombe nyingi kila siku, huku wakiwalisha vizuri na kuwapa vitamini. Wanne waliacha mapema. Sita waliendelea kwa siku 48 hadi 87, kisha pombe ikakatwa mara moja. Wote sita walitetemeka na kutoka jasho, na baadhi yao walipatwa na degedege na maruweruwe. Chakula kilikuwepo, vitamini zilikuwepo. Kilichokosekana ni pombe tu.

Sasa tazama jinsi saa zinavyokwenda. Tuseme mtu amekunywa gilasi yake ya mwisho Jumapili saa mbili usiku. Jumatatu alfajiri mikono inaanza kutetemeka, tumbo linachafuka, hataki chai wala kelele za watoto. Degedege, kama itakuja, mara nyingi huja ndani ya siku mbili za mwanzo, yaani hadi Jumanne usiku, na inaweza kumkuta mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa. Katikati ya hapo wengine husikia sauti au huona wadudu wakitambaa ukutani. Hatari kubwa zaidi huja wakati watu wameanza kusema "amepita". Kati ya Jumanne usiku na Alhamisi au Ijumaa, mgonjwa anaweza kuchanganyikiwa kabisa: hajui yuko wapi, hawatambui wanawe, mwili unawaka moto, mapigo yanakimbia. Zamani, kabla ya dawa za sasa, hali hiyo ya mwisho iliweza kuua hata mmoja kati ya watatu. Akitibiwa mapema na ipasavyo, hatari hushuka chini ya watano kwa kila mia.

Wengi hawafiki huko. Wanatetemeka siku tatu nne, wanalala vibaya, wanapona. Lakini huwezi kujua kwa kumwangalia mtu yeye ni wa kundi gani. Unachoweza kujua ni dalili za mtu aliye hatarini zaidi: aliyewahi kupatwa na degedege au kuweweseka alipoacha zamani, anayekunywa chang'aa kila siku, anayeamka usiku kunywa, mwenye ugonjwa mwingine kama kisukari, ini au malaria, mzee, mjamzito, na anayelala peke yake. Ukijikuta katika mojawapo, hospitali ndiyo njia, usijaribu nyumbani.

Kuacha bila kukusudia

Mitego mibaya zaidi ni ile ambayo mtu hakupanga kuacha.

Ramadhani ni mmoja wapo. Pwani yetu ina Waislamu wanaokunywa kwa siri miezi kumi na moja na kuacha usiku mwezi unapoandama. Nia ni njema. Ila kufikia funga ya tatu mtu huyu anatetemeka, anatapika, anaona watu wasiokuwepo, na familia, kwa kuwa haikujua au haitaki kusema kwamba alikuwa akinywa, inamwita mtu wa kumsomea. Msomeeni, sina ugomvi na dua, lakini msomeeni akiwa kitandani hospitalini. Na kama unajijua, nenda kwa daktari mwezi wa Mlisho, wiki mbili kabla ya kufunga, ili Ramadhani ikukute tayari umevuka siku mbaya. Ukichelewa ukaugua ndani ya mwezi, mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye. Imamu yeyote atakwambia hivyo.

Upande wa pili kuna mkutano wa injili. Wamethodisti walifungua misheni Golbanti katika miaka ya 1880, na kanisa lao halina mzaha na pombe. Mtu anatoka mbele Jumapili, anaombewa, anamwaga kibuyu chake mbele ya mashahidi. Mchungaji mwenye busara atamshika mkono, na kabla ya kumwachilia amuulize kwa upole: "Ndugu, huwa unakunywa asubuhi?" Akijibu ndiyo, kituo kinachofuata ni hospitali, siku hiyo hiyo.

Kisha mahabusu. Msako wa chang'aa unamnasa mnywaji pamoja na muuzaji, analala seli Ijumaa hadi Jumatatu akisubiri mahakama. Degedege inamkuta humo sakafuni, na wenzake wanadhani anaigiza. Kama ni ndugu yako, mwambie ofisa wa zamu waziwazi kwamba huyu hunywa kila siku na anaweza kuanguka. Omba apelekwe hospitali akianza kutetemeka na kutoka jasho. Aibu ya kusema haimzidi mtu.

Na mto nao. Mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yaliwaonyesha watu wa delta jinsi barabara inavyoweza kukatika kwa siku nyingi. Maji yakifunga njia, mgema hafiki, na boda boda ya kukupeleka hospitali haifiki vilevile. Basi usipange kuacha pombe katika wiki ambazo Tana unajaa. Kiangazi kina kazi nyingi lakini kina njia.

Kwenda hospitali

Zahanati ya kijiji ni pa kuanzia, na mhudumu wa afya wa jamii anayepita nyumbani kwako anaweza kukuandikia rufaa. Ila kwa mtetemeko mkubwa usisimame hapo. Hospitali ya Ngao iko jirani na Golbanti, kuna Garsen, na mbele zaidi Hola na Malindi. Jisajili mapema katika SHA, bima ya afya ya serikali, kwa kubonyeza *147#, kwa sababu hospitali za ngazi ya nne kwenda juu hutaka michango iwe imelipwa, na foleni ya mapokezi si mahali pa kuanza kutafuta namba ya kitambulisho huku mikono inacheza.

Ukifika, usiseme "naumwa na kichwa". Watu wengi husema hivyo, wanapewa Panadol na kurudishwa nyumbani. Sema maneno haya: nakunywa kila siku, nakunywa kitu fulani kiasi fulani, gilasi ya mwisho ilikuwa saa fulani, nimewahi au sijawahi kuanguka degedege, na ninataka kuacha. Usipunguze kiasi kwa aibu. Dozi ya dawa hutegemea ukweli huo, na daktari aliyeambiwa "chupa mbili tu" atampa mtu wa chupa kumi dawa isiyomtosha.

Kuna hospitali ambazo watakupima kwa maswali kumi, kuanzia kichefuchefu na jasho hadi kama unajua leo ni tarehe ngapi, na jumla ya alama inaweza kufika 67. Chini ya 10 ni hali nyepesi. Dawa kuu huwa ni diazepam au jamii yake, kwa dozi inayopungua kila siku hadi iishe, kwa kawaida ndani ya wiki moja. Diazepam hii hii usiinunue dukani ukajitibu. Ikikutana na pombe tumboni inaweza kuzima pumzi usingizini, na ikinywewa kwa miezi inakuwa pombe nyingine.

Omba pia vitamini B1, ambayo wao huita thiamine, ikiwezekana kwa sindano. Jambo hili nalitilia mkazo kwa sababu husahaulika. Pombe huuzuia mwili kufyonza vitamini hiyo, na mnywaji wa delta mara nyingi hula wali mweupe, ambao mashine ya kukoboa imeshaondoa sehemu kubwa ya B1 pamoja na pumba. Mtu aliyeishiwa nayo huanza kuyumba akitembea hata kama hajanywa, macho yanachezacheza au yanakataa kugeuka, kumbukumbu inapotea, na asipotibiwa haraka kumbukumbu hiyo hairudi. Ndiyo maana kwa mnywaji wa siku nyingi thiamine hutangulia, au huandamana na, dripu ya sukari. Ndugu wa mgonjwa anaruhusiwa kuuliza: "Daktari, amepata thiamine?" Si ukosefu wa adabu.

Kama hospitali haiwezekani leo

Basi usiache ghafla. Punguza. Kwanza, kwa wiki moja, andika kila unachokunywa, bila kujidanganya. Kisha ondoa kama sehemu moja ya kumi, kaa hapo siku nne, uondoe tena sehemu moja ya kumi. Mikono ikianza kutetemeka na jasho kutoka, umekimbia mno. Rudi kiasi cha juzi, tulia, uendelee polepole. Ni kazi ya wiki kadhaa na inachosha, na wengi hawaimalizi peke yao. Mtu mwingine ndiye ashike chupa na akupimie.

Hapa ndipo kinywaji chenyewe kinapoleta matata. Chang'aa huwezi kuipunguza kwa hesabu kwa kuwa hakuna anayejua nguvu yake, na iliyochakachuliwa kwa methanoli hupofusha na kuua kwa kiasi kidogo. Mwezi Mei 2014 watu wengi walikufa katika kaunti kadhaa za Kenya kwa pombe ya namna hiyo. Ukinywa ukaona ukungu machoni, hiyo ni safari ya hospitali sasa hivi, usisubiri asubuhi. Kama unatumia chang'aa, hamia kwanza bia ya dukani, ambayo nguvu yake imeandikwa kwenye chupa. Mnazi nao unasumbua kupima, kwani ulioteremshwa alfajiri ni mtamu na mwepesi, na ule ule jioni umeshakuwa mkali. Ukilazimika kupunguza kwa mnazi, nunua saa ile ile kila siku, kwa mgema yule yule. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wahenga walishasema, na katika shughuli hii mgema wa namna hiyo anakuvurugia hesabu: leo umekunywa maji ukadhani umepunguza, kesho unapata lenyewe.

Siku nne za kwanza nyumbani

Hizi ni kwa mwenye hali nyepesi aliyekubaliwa na daktari kuachia nyumbani. Awepo mtu mzima mmoja asiyekunywa, usiku na mchana. Katika siku hizo usipande mnazi, usishike usukani wa boda boda, usiingie mtumbwini, usioge mtoni. Degedege ya dakika mbili juu ya mkeka ni mshtuko. Ndani ya Tana, penye mamba na mkondo, ni msiba.

Kunywa maji mengi, maana joto la huku na jasho la kuacha pombe huukausha mwili mara mbili. Uji mwepesi, maziwa, ndizi, mchuzi wa kambare. Kunde, pojo na karanga zina B1 nyingi kuliko sahani ya wali mtupu. Chai na kahawa punguza, na muguka uweke kando kabisa: vyote hivyo huongeza mtetemeko na kuua usingizi, na mtu aliyebadilisha mnazi kwa muguka hushangaa kwa nini mikono haitulii.

Wewe uliye karibu naye: akianguka degedege, mlaze ubavu, ondoa jiko na vyombo, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimkandamize. Angalia saa. Ikipita dakika tano, au ikirudi mara ya pili, au asipozinduka vizuri, ni hospitali bila majadiliano. Hata ikikoma upesi, kama ni ya kwanza maishani mwake, nendeni. Akianza kuona vitu, washa taa, kaeni watu wachache, zungumza naye kwa jina lake na kwa sauti ya kawaida. Usibishane naye kwamba hakuna nyoka. Mwambie upo naye. Na usimfunge kamba. Kufungwa humzidishia joto na hofu, na wakati mliotumia kutafuta kamba ungetosha kupata gari.

Pombe kidogo ya "kumtuliza"? Kama ameanza kuweweseka, hapana: anaweza kupaliwa, na hospitali itashindwa kujua hali yake.

Si kila mtetemeko ni pombe

Homa ya malaria hutetemesha mwili mzima kwa baridi, na inaweza kuja siku hiyo hiyo mtu anapoacha pombe, kwa hiyo pimeni damu. Sukari ikishuka, vidole hucheza na jasho hutoka. Mwenye kisukari anayekunywa bila kula yuko hatarini hasa. Tezi ya shingo iliyozidi kazi hutetemesha vidole na kukondesha. Wapo pia wenye mtetemeko wa ukoo, ambao baba alikuwa nao na shangazi anao, unaoonekana wakimimina chai. Huo nao hutulia kidogo kwa pombe, na ndiyo maana huwapoteza watu: ila hauji na jasho, kutapika wala kukosa usingizi. Mtetemeko wa mkono mmoja uliopumzika, pamoja na mwendo uliokuwa mzito, ni jambo jingine tena. Na kama viganja vinapigapiga kama mbawa ukivinyanyua, macho yamekuwa manjano na tumbo limejaa, ni ini linalolalamika, usiahirishe.

Baada ya wiki ya kwanza

Mtetemeko wa kuacha pombe kwa kawaida hupungua sana ndani ya siku tatu hadi saba. Usingizi huchelewa zaidi, wiki kadhaa, na hapo ndipo wengi hurudi kwa mgema, wakisema "nilale tu leo". Mweleze daktari kuhusu usingizi huo. Zipo dawa za kupunguza hamu, naltrexone na acamprosate, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023. Zahanatini hutazikuta, ila uliza Malindi au Mombasa. Huko Miritini, Mombasa, kuna kituo cha tiba na urekebishaji cha NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na simu yao 1192 haina malipo. Unaweza kupiga hata kama anayekunywa si wewe.

Mwezi mmoja ukipita bila pombe na mikono bado inacheza, rudi ukapimwe tezi, ini na dawa nyingine unazotumia, kwa mfano za pumu.

Na ukianguka ukanywa tena wiki nzima au mwezi, usijipe adhabu ya kuacha ghafla kwa hasira. Ubongo uliopitia kuachishwa mara moja huwa mwepesi zaidi kushtuka mara ya pili na ya tatu. Mtu aliyetetemeka tu mwaka juzi anaweza kuanguka degedege safari hii kwa kiasi kile kile cha pombe. Kwa hiyo usiseme "mara ile niliacha nyumbani sikufanywa kitu". Nenda hospitali kama mara ya kwanza, na katika maneno utakayomwambia muuguzi ongeza moja: umeshaacha mara ngapi, na kila mara ilikuwaje.